Kivuko cha Miaka: riwaya ya watoto iliyonijibia swali la Kariakoo

Nina duka la mashuka na mapazia Mtaa wa Congo, Kariakoo, huu ni mwaka wa kumi na nne. Likizo ya mwezi wa sita binti yangu, aliye Darasa la Tano, alikuwa anashinda na mimi dukani, maana mama yake alikuwa na zamu za mchana na nyumbani Magomeni hapakuwa na wa kumwachia. Siku ya tatu, amechoka kukunja mashuka, akaniuliza, "Baba, Kariakoo maana yake nini?" Nikamwambia ni jina tu la mahali. Akasema, "Kila jina lina maana, Baba. Hata langu." Nikanyamaza, sikuwa na jibu, na lile swali likaniuma. Miaka kumi na minne nakula jasho la mahali hapa, halafu mtoto ananiuliza jina lake nashindwa.

Jioni, tukielekea Gerezani kupanda mwendokasi, tukaingia kwenye duka moja la madaftari na vitabu. Yeye ndiye aliyekiona kitabu hiki. Kwenye jalada kuna pantoni imejaa watu na maguta, lakini ule upande wa pili inakokwenda hakuna Kigamboni, kuna msitu na moshi. Nyuma wameandika kwamba ni riwaya ya safari za zamani kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na nne. Shilingi 12,000, kurasa 214. Nikasita kidogo kwa bei, nikalipa. Tumekisoma mara mbili, mara ya kwanza yeye peke yake, mara ya pili kwa sauti tukipokezana, na ninaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaojiuliza kama kinafaa.

Kinafaa. Ila kabla ya kulipa fungua ukurasa wa 112, nitaeleza kwa nini.

Kisa chenyewe kinaanzia Kigamboni. Msichana wa miaka kumi na miwili na mdogo wake wa kiume wanaishi na bibi yao, mwuza samaki wa Feri. Ndani ya sanduku la bibi wanakuta tiketi ya kivuko ya zamani, ile ya karatasi ngumu, na siku kadi yao inapogoma getini wanamwonyesha mkaguzi tiketi hiyo kwa kubahatisha. Mkaguzi anaitoboa tundu moja bila kusema neno. Pantoni inaondoka Magogoni kama kawaida, honi inalia, na wanaposhuka ng'ambo wako mwaka mwingine. Tiketi ina nafasi ya matundu manne, kwa hiyo safari ni nne: Kilwa 1331, milima ya Matumbi 1905 vita vya Majimaji vinapoanza, kilima cha Tendaguru kule Lindi 1910 na Dar es Salaam 1917.

Kilichonifanya nimheshimu mwandishi ni sharti moja alilowawekea hawa watoto. Kila wanakofika, hakuna anayewauliza wametoka wapi ilimradi wamebeba kitu. Mtoto mwenye mzigo kichwani anaonekana ana kazi, watu wanampisha. Kwa hiyo Kilwa wanabeba mtungi wa maji, Matumbi wanabeba mbegu za pamba, Tendaguru wanabeba mfupa, na Dar es Salaam wanabeba unga. Historia nzima wanaiona wakiwa chini ya mzigo, katikati ya watu waliobeba. Wafalme na magavana wanapita kwa mbali tu. Mimi ninayeishi kwa migongo ya wabeba mizigo kila siku ya Mungu, jambo hilo lilinishika tangu sura ya pili.

Safari ya Kilwa ndiyo dhaifu. Mwandishi ana kurasa thelathini na kitu tu, na humo ametaka kuingiza kila kitu: Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimoroko, anateremka kutoka jahazini, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman yuko kwenye kasri lake la Husuni Kubwa, dhahabu inatoka Sofala, nyumba zinajengwa kwa mawe ya matumbawe, sarafu za shaba zinafuliwa, na mwishoni kuna baharia anayeota ndoto ya Wareno watakaokuja kuuteka mji mwaka 1505. Yote ni ya kweli na yote ni mazuri, lakini binti yangu aliyapitia kama anakariri ya mtihani. Alichokumbuka ni mtungi tu, jinsi yule mdogo wa kiume alivyojikwaa kwenye ngazi na maji yakamwagikia miguu ya mgeni mwenye kilemba, na mgeni akacheka. Mgeni huyo ndiye Ibn Battuta. Natamani mwandishi angebaki pale pale kwenye ngazi.

Kuna na kosa moja la wazi, nalo liko mwanzo kabisa, bibi anapowasimulia wajukuu mji wa Dar es Salaam ulivyoanza. Kitabu kinasema aliyeujenga ni Sultani Barghash. Sivyo. Ni Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga hapa miaka ya 1860, palipokuwa na kijiji cha Mzizima, na Boma la Kale tunaloliona hadi leo barabara ya Sokoine ni la wakati wake. Majid alifariki 1870, na Barghash aliyemrithi aliuacha ule mpango ukalala. Mji ulikuja kuamka tena mikononi mwa Wajerumani, walioufanya makao yao makuu mwaka 1891 baada ya kuhama Bagamoyo. Mtoto anayesoma Historia ya Tanzania na Maadili shuleni anaweza kuandika Barghash kwenye mtihani kwa sababu ya kitabu hiki, kwa hiyo mimi nimeshakata kwa kalamu kwenye nakala yetu na kuandika Majid pembeni. Nawe fanya hivyo hivyo.

Sasa huo ukurasa wa 112. Nakala tuliyonunua kwanza ilikuwa na kasoro ya uchapaji: kuanzia ukurasa wa 97 hadi 112 zimechapwa mara mbili, na kurasa 113 hadi 128 hazimo kabisa. Na hapo ndipo penyewe. Watoto wamefika Matumbi mwezi wa saba 1905, wamewaona wanaume na wanawake wakilimishwa pamba ya serikali huku mashamba yao ya chakula yakiota majani, wamekuwapo Nandete watu walipoanza kuing'oa ile pamba. Habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya kugeuza risasi zimeshaenea vilimani. Msichana, ambaye amesoma shuleni mambo yalivyoishia, anamshika mkono mwanamke mzee mwenye kibuyu ili amwambie ukweli. Ukurasa unaisha. Unafungua unaofuata, unajikuta umerudi wa 97.

Binti yangu alilia. Si kilio cha kudeka. Alikasirika kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Ilikuwa Ijumaa usiku, duka la vitabu limefungwa, na Jumamosi mimi nilikuwa na mzigo wa kupokea. Basi akachukua daftari akaandika mwenyewe hizo kurasa. Ninalo hapa. Katika maandishi yake yule msichana anaomba boga, analimwagia maji ya dawa mbele ya watu wote, halafu anamwambia kijana mmoja alichome mkuki. Boga linatoboka. Watu wanatazamana, wanaweka silaha chini, wanarudi kwao, hakuna anayekufa. Kaandika kurasa tano na mchoro wa boga.

Jumatatu nikairudisha ile nakala. Muuzaji, kijana mwungwana, hata risiti hakuniuliza. Akafungua nakala nyingine nne mezani, mbili zikawa na kasoro ile ile. Akasema, "Samahani sana bosi, hatukujua." Akanipa nzima. Kwa huduma hiyo sina neno. Mchapaji ndiye wa kulaumiwa, maana kitabu cha mtoto hakikaguliwi kwa kutazama jalada peke yake.

Na kwenye kurasa za kweli hakuna boga. Yule mwanamke mzee anamsikiliza msichana hadi mwisho, hamkatizi, hambishii. Halafu anamuuliza yeye: wakibaki majumbani, pamba italimwa na nani, na mtama wao utalimwa na nani? Anamwambia kwamba kabla ya maji haya Mmatumbi alikuwa na lake, Mngindo na lake, Mpogoro na lake, na sasa wanakula yamini moja. Kisha anampa kibuyu akishike. Msichana anakibeba. Hapo ndipo tunapoelewa kwamba mzigo wake wa safari hii haukuwa mbegu za pamba.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, tumekaa barazani, umeme umekatika, natumia tochi ya simu. Nilipofika mwisho wa sura binti yangu hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Baba, yule bibi alijua?" Nikamwambia sina hakika. Akasema, "Mimi nadhani alijua." Akaenda kulala. Asubuhi nikakuta amechukua daftari lake, ameandika chini ya mchoro wa boga: hii ni yangu, ile ni ya kitabu. Hakufuta.

Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo sababu ya kukinunua. Mimi vita vya Majimaji nilivisoma shuleni kama jibu la swali: taja sababu tano za kushindwa. Ya kwanza tulikuwa tunaandika imani potofu ya maji, tunapata alama, tunaendelea. Hakuna aliyewahi kuniuliza yale maji yaliwafanyia nini watu kabla ya risasi ya kwanza kulia. Kitabu cha hadithi kimemuuliza mtoto wa miaka kumi na moja, na mtoto akalala nalo.

Mwandishi hakukwepa na yaliyofuata. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mwezi wa nane mwaka ule ule, na vita viliendelea hadi 1907. Mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, njaa ikamaliza watu kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 ya serikali ya kikoloni yenyewe hadi 300,000 ya wanahistoria. Haya hayasemwi kwa tarakimu ndani ya hadithi, yako kwenye kurasa mbili za maelezo mwishoni. Ndani ya hadithi ni hivi: safari ya tatu watoto wanapotembea nchi ya Lindi mwaka 1910, wanapita kwenye kijiji chenye miembe iliyozaa sana na hakuna mtu wa kuzichuma. Mdogo wa kiume anafurahia maembe. Dada yake anamwambia ale polepole. Basi. Binti yangu hakuhitaji kuelezwa zaidi, na wala hakuota ndoto mbaya, kwa wale wazazi wanaohofia.

Tendaguru ndiyo sura watoto wa kiume wataipenda, kwa sababu ina mifupa ya dinosaria. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima kile na kupeleka Berlin zaidi ya tani 200 za mifupa. Wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia yao, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye mimi sikuwahi kusikia jina lake hadi nilipofungua kitabu hiki. Mwandishi amemfanya mtu mzima mwenye heshima zake, anayepapasa udongo kwa vidole na kusema mfupa unaanzia hapa. Kila mzigo ulifungwa kwa mianzi ukabebwa kichwani au mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja kati ya waliotoka pale amesimamishwa makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Binti yangu akataka kujua mita 13 ni nini. Tukasimama nje ya duka, tukahesabu ghorofa za jengo la mbele kwa mita tatu tatu: kichwa kingechungulia dirisha la juu ya ghorofa ya nne. Siku nzima akawa anawaonyesha wateja.

Kuna vitu vidogo vya kupendeza pia. Yule mdogo wa kiume anaokota sarafu ya heller, anaambiwa mia moja zake ni rupia moja, na anaporudi nyumbani anamsikia bibi yake akilalamika hana hela, anashtuka. Neno tunalolitamka mara mia kwa siku limetoka kwenye sarafu ile. Hata shule ni neno la Kijerumani. Mambo haya yameingizwa katikati ya maongezi, hayakuwekwa kwenye visanduku vya "Je, wajua", na namshukuru mwandishi kwa hilo.

Lugha ya hao watoto wawili hainiridhishi. Watoto wa Kigamboni wenye bibi wa Feri hawaongei kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuna mtoto wa Dar atakayemwambia mdogo wake "fanya hima, kaka yangu mpendwa". Binti yangu alikuwa anayabadilisha mwenyewe akisoma, anasema "we, twende bwana". Wazee wa zamani wamepewa Kiswahili kizuri chenye ladha ya kusini na mwambao, hao watoto wa leo ndio walioandikwa kwa mbali. Ramani nayo hakuna hata moja. Kitabu cha safari nne bila ramani kinamnyima mtoto raha kubwa. Sisi tulibandika ramani ya Tanzania ukutani tukaweka vipini vya nguo.

Na sasa Kariakoo. Tundu la nne linawashusha watoto mwaka 1917, Dar es Salaam ikiwa mikononi mwa Waingereza waliouteka mji Septemba 1916. Pantoni inawaacha pale pale Magogoni, wanapewa viroba vya unga, na wanafuata msururu wa watu hadi kwenye uwanja wenye mahema na vibanda, nje ya mji. Ni kambi ya wapagazi wa jeshi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka walivyoweza, Karia Kor, Kariakoo, na jina likabaki baada ya kambi kuondoka. Wapagazi walikuwa mamia ya maelfu, wengine waliokotwa vijijini kwa nguvu, na waliokufa ni makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Mwandishi anatuonyesha mmoja tu, kijana kutoka bara anayevua mzigo na shingo yake haitaki kunyooka. Msichana anamsugua shingo. Nilisimama kusoma hapo. Nimeziona shingo hizo.

Hadithi inaishia kwenye Sanamu ya Askari, kwa hiyo Jumapili iliyofuata tukaenda. Tumepita pale mara elfu, hatujawahi kushuka. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 akasimamishwa huyu askari wa shaba nyeusi, bunduki mkononi, singe inaelekea bandarini. Chini kuna maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu. Binti yangu akasoma za Kirumi, mimi nikamsomea za Kiarabu kwa elimu yangu ya madrasa, polepole, kidole hewani, huku magari yanatuzunguka. Maneno ni yale yale: wapagazi wametajwa, wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Alipomaliza akainua kichwa. "Baba, mbona juu amesimama askari peke yake?"

Kuna mzee mmoja ananishushia mizigo tangu nimefungua duka. Wiki ile, tukisubiri gari la mzigo, binti yangu akamsomea sura ya 1917, yeye amekaa juu ya belo, mikono magotini. Alisikiliza yote. Akauliza mzigo mmoja ulikuwa kilo ngapi. Nikamwambia ishirini na tano, thelathini. Akaguna, "Belo ni arobaini na tano. Lakini mimi naishia mlangoni kwako." Halafu akamuuliza mtoto, "Eti mama, walilipwa?"

Binti yangu akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele, akafungua yale maelezo ya mwishoni. Kitabu hakisemi. Mzee akangoja, belo chini yake, hadi gari likafika akainuka.

Baadaye nikatafuta mwenyewe. Ndugu wengi wa waliokufa hawakuuona mshahara wa mtu wao. Mwandishi, kama unasoma hapa: toleo lijalo rekebisha Barghash, weka ramani, na hilo jibu liandike, ukurasa wa 198, pale kijana anapovua mzigo. Kuna mtu Mtaa wa Congo analisubiri.